Jina Langu Ndani ya Bawa

Nyumbani, 14 Mei

Kaka Tautvydas mpendwa,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini u mzima, na mguu umepunguza kukusumbua kwenye upepo huo wa bandari ya Klaipėda. Sisi hatujambo. Mama amenituma nikwambie kwamba supu ya bitiruti haitoki kwenye kopo, na kwamba anajua unakula ya kopo.

Baba anaivika upya ile ndege ya klabu isiyo na injini, uliyoanguka nayo miaka minne iliyopita. Bawa la kulia lililovunjika ametengeneza jipya. La kushoto lilikuwa limehifadhiwa darini, na juzi tulilishusha tubandue utando wake, ile ngozi nyembamba inayobanwa kwenye mbao kwa pasi ya moto. Unamjua Baba akiwa karakanani, huulizia kipimajoto kabla ya kuulizia hali yako. Pasi ikipoa, utando hubaki na mikunjo. Ikizidi moto, hubana kupita kiasi na kulipinda bawa.

Kabla hatujaanza, alipima. Ncha ilikuwa imejipinda upana wa kidole. Akabandua utando. Unakumbuka sheria yake: anayevika bawa huandika jina kwa penseli kwenye ubavu wa mbao, kisha hulifunika. Jina tulilolikuta ni langu.

Kaka, wiki ile kabla hujaanguka, nilipokuwa nikilivika bawa hilo, kipimajoto kilivunjika. Sikutaka kungoja kingine, maana Jumamosi ungeruka mbele ya klabu nzima, nami nilitaka bawa langu la kwanza lisifiwe. Nikaongeza moto mpaka mikunjo ikaisha. Niliona limejipinda. Nikajiambia ni kidogo tu. Ndege iliinamia kushoto, ikazunguka, ikaangukia bawa la kulia. Watu wa klabu wakasema ulipunguza mwendo mno angani kwa majivuno, Baba akiwa wa kwanza, nawe ukakubali ukarudisha leseni. Nilikuletea chai hospitalini kila siku na sikusema neno. Naona aibu hata kuandika.

Baba hakunifokea. Alinikabidhi penseli yake, akasema, "Mwandikie kaka yako. Ukimaliza wewe, nitaandika mimi." Ndiyo maana barua hii haina wino.

Jumapili nitasimama mbele ya klabu niwaeleze. Bawa liko mezani, mbavu wazi, na Baba amekataa lifunikwe mpaka utakapokuja kulipima kwa mkono wako. Usiponisamehe, njoo hivyo hivyo.

Mama anakukumbatia. Wasalimie majirani zako.

Ni mimi mdogo wako, niliyevika bawa la kushoto,
Daiva