Tumbili Aliyemfanya Achai Aimbe

Mshauri mpendwa, nimekwama, nakuomba unisaidie kabla sijafanya kosa. Mimi ni Nyakio, mzaliwa wa Nyeri, nashona nguo hapa Kakuma, na mwaka jana dereva wa lori kutoka Lokichoggio aliniachia mtoto wa tumbili ambaye mama yake aligongwa barabarani, nikamnyonyesha maziwa kwa kitambaa nikidhani atakufa, lakini akapona.

Sasa ninaye mwenzangu, Achai, mkimbizi wa kutoka Sudan Kusini, hutoka kambini kuja kushona nami, na tangu nimjue hakuwahi kutoa neno, watu wa kwao waliniambia alizika watoto wake wote njiani na hajasema tena. Basi siku moja tumbili akapanda mapajani pake, akamshika uso kwa mikono yote miwili, vidole vidogo kama vya mtoto mchanga, akaanza kumchambua nywele polepole, na Achai akafumba macho akaimba. Aliimba, mshauri! Kwa Kidinka, sauti nyembamba, na mimi mguu ukanigandia kwenye cherehani, wateja wakavua kofia kama wako kanisani. Tangu hapo anaongea, kidogo kidogo.

Juzi akaja ofisa wa wanyamapori, Bwana Ekal, akanisalimu kwa Kiturkana. "Ejok, mama. Kibali ya huyu iko wapi?"

Nikamwambia sikujua tumbili anahitaji kibali, mbona mbwa hana.

"Huyu si mbwa. Mlete Lodwar mwenyewe, ama nikuje nimchukue pamoja na wewe."

Yule dereva anasema atanifichia Lokichoggio. Nifanyeje? Nikimtoa, si nitakuwa nimemnyang'anya Achai sauti yake?

*

Dada Nyakio, nilipofika katika barua yako pale Achai alipoimba, nilirudi nikapasoma mara ya pili. Uliyoyaona ni makubwa, na sitajifanya nayaelewa.

Lakini mwaka mzima hukumuuliza mtu? Mnyama wa porini hafugwi nyumbani kwa huruma tu. Sheria inataka kibali, na usitegemee utapewa eti kwa sababu unampenda. Tumbili akikomaa huuma, na atamrarua hata huyo Achai. Tumbili naye anateseka, anahitaji tumbili wenzake.

Mwambie dereva hapana. Usimwachilie porini pia, hajui kujitafutia, mbwa watammaliza. Nenda Lodwar, eleza wazi alivyokufikia, uliza kama kuna mahali wanapolea yatima kama huyo. Achai aombe ruhusa ya kusafiri nje ya Kakuma, mwende wote.

Na sauti ni yake, Nyakio, hakupewa na tumbili. Huyo mnyama alimgusa tu, wakati sisi wengine tunaogopa kumgusa aliyefiwa hivyo.

Kwa hiyo usimdanganye Achai eti mnampeleka tumbili kwa daktari. Mwambie ukweli leo, kabla Ekal hajarudi. Na ukishamwambia, usikimbilie kazi. Kaa hapo hapo umsikilize atakachosema.