Kanisa la Mbao Limetolewa Ndani ya Kanisa la Matofali

Masisi, Jumapili jioni. Mvua imekatika, ukungu umebaki mlimani, na mimi nimebaki na uchungu.

Leo tumesali kwa mara ya kwanza katika kanisa letu jipya la Wabatisti. Siku ya furaha, wamesema wote. Mimi furaha sina.

Kwetu kanisa jipya hujengwa kwa kulizunguka la zamani, ili ibada isikatike hata Jumapili moja. Babu zetu walisimamisha lile la mbao kuzunguka la majani. Sisi tukainua matofali kuzunguka mbao, tukawa tunaimba ndani ya kanisa lililo ndani ya kanisa. Wiki hii vijana walibomoa la ndani, wakapitisha mbao mlangoni, zikapelekwa Lushebere ili waliokimbia vita wajengee vibanda. Nani angepinga? Hata mimi nilipiga makofi.

Mama yangu haoni tena. Lakini kanisani hakuna aliyewahi kumshika mkono. Alikuwa akiingia, anaweka kiganja ukutani, anafuata ubao mmoja hadi mwingine mpaka kwenye benchi lake. Mbao zile Papa alizipiga randa akiwa kijana, kabla hata hajamwoa Mama.

Leo kiganja chake kimegusa saruji. Akasogea kidogo, akakutana na nguzo, akasimama. Sauti za watu zilikuwa zinamjia kutoka kila upande.

"Kanisa iko wapi?" akaniuliza.

"Kanisa njo hii, Mama. Tuko ndani."

"Hapana, mutoto wangu. Huku iko sawa soko. Unipeleke ku ukuta yangu."

Sikuwa na ukuta wa kumpeleka.

Nimemshika mkono hadi kwenye benchi, mbele ya watu wote. Hakuimba. Mama, ambaye kwaya nzima ilikuwa ikingoja aanze yeye!

Mimi ni wa kamati ya ujenzi. Tuligombana juu ya rangi ya milango mpaka tukanuniana. Juu ya Mama, hakuna aliyefungua kinywa, hata mimi mwanawe. Kwa sababu kanisa la zamani lilikuwa bado lipo ndani, tuliona kama hatupotezi kitu. Sasa maji yamemwagika, hayazoleki. Siwezi kwenda Lushebere kumbomolea mtu kibanda.

Mchungaji ameahidi kusogeza benchi karibu na mlango. Mama amemshukuru kwa upole, upole wa mtu aliyekwisha kata shauri.

Tulipofika nyumbani amevua kitenge chake cha chama cha akina mama wa kanisa, akakikunja vizuri, akaniwekea mapajani.

"Uvae sasa wewe," akasema. "Mimi nitaomba hapa ku nyumba."

Nimekipokea. Kwa nini sikukirudisha?