Bi Lakini Yuko Hewani

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimepigwa bao na mtu nisiyemjua. Hewani, mji mzima ukisikia.

Fumbo lilikuwa jepesi, nililitunga huku napiga mswaki. Kunguru, mwewe, popo, mbuni. Toa mmoja. Jibu ni popo: si ndege, ananyonyesha. Mtangazaji wetu, Sauti ya Asali, akalisoma kwa ile sauti yake ya kubembeleza kana kwamba kalitunga yeye. Wasikilizaji wote wanaamini hivyo. Mimi sitajwi. Mimi ni “timu yetu”.

Simu ya kwanza, mwanamke, sauti nzito ya puani. Akasema, “Sawa, popo. Lakini hata mbuni hayumo. Wenzake wote wanaruka.”

Asali akakwama. Yule mama hakumwacha apumue: tena mbuni ni mti wa kahawa pia, kwa hiyo katoka mara mbili.

Asali akanitazama kupitia kile kioo cha studio kama mtoto aliyepotezwa sokoni. Nikamwandikia kwenye karatasi: MPE POINTI. Kipindi chetu hakina pointi. Akampa.

Nyumbani nimemkuta mama mkwe sebuleni, goti juu ya stuli, redio yake mapajani. Nikamwamkia, akaitikia. Mazungumzo ya siku yakaishia hapo. Alikuja kwetu kupumzika kidogo baada ya kupasuliwa goti. Goti limepona zamani. Sasa ana pazia lake, ndoano yake ya taulo na chumba kilichokuwa cha kazi yangu. Meza yangu iko nje kwenye baraza inakula vumbi. Mafumbo natungia juu ya ubao wa kupigia pasi.

Jumatano, 5 Machi

Kapiga tena! Jana na leo.

Jana: nyanya, karoti, kitunguu, kiazi. Jibu nyanya, wenzake wanachimbwa. “Sawa,” akasema. Lakini yeye angemtoa kitunguu, maana ndiye pekee anayekuliza kabla hujamfanya lolote. Leo: chuma, shaba, dhahabu, zebaki. Jibu zebaki, ni ya majimaji. Sawa, lakini dhahabu ndiyo haimo, kwani hao wengine hakuna mwanamume anayewanunua akiwa na kosa.

Asali kacheka mpaka kagonga maikrofoni. Kampa jina: Bi Lakini. Meneja wa vipindi katoka ofisini kwake kwa mara ya kwanza tangu wapake rangi, kasema huyu mama asipotee. Watu sasa hawafungulii redio kusikia fumbo. Wanamngojea yeye.

Nina wivu na nimefurahi, yote mawili, na sijui lipi nilitoe.

Habari nyingine. Wifi kampigia mume wangu. Anataka kumchukua mama akaishi kwake. Nyumba kubwa, bustani, hewa safi. Mapenzi yamemjaa ghafla. Yaya wa pacha wake kaacha kazi wiki iliyopita, lakini hilo mume wangu kalitaja mwishoni, kwa sauti ndogo, huku anachunguza kucha zake. Ni fundi wa majokofu. Likitokea jambo la mama yake na dada yake, yeye ndiye huganda.

Nikasema itakuwa vizuri kwa Mama, atabadilisha mazingira. Nilisema kwa upole sana. Moyoni nilikuwa tayari naisogeza meza yangu hadi chini ya dirisha.

Ijumaa, 7 Machi

Mungu wangu. Ngoja nikae vizuri niandike hili.

Nina mafua. Sikwenda kazini, fumbo nikamtumia Asali kwa simu. Nimejilaza, kitambaa puani, redio ndogo ya jikoni naisikia kwa mbali. Nyangumi, pomboo, papa, nguva. Asali akasema tunaye Bi Lakini kwenye laini. Ile sauti ya puani ikaanza, nayo ikawa na mwangwi. Ikavuma. Asali akasema, mama, tafadhali punguza redio yako.

Na redio ya chumba cha mama mkwe ikapungua.

Nikaketi. Nikashika pumzi. Kupitia ukuta nasikia: “Sawa, papa ni samaki. Lakini nguva ndiye hayumo, hao wenzake wote wanakula nyama, yeye anakula majani tu.” Sekunde chache baadaye, kwenye redio ya jikoni, maneno yale yale.

Mama mkwe wangu! Ambaye mezani husema “chumvi” na “asante” tu. Nilisahau kwamba alikuwa opereta wa simu maisha yake yote, wa zile switibodi za waya. Sauti anazo za kuvaa na kuvua.

Baadaye kapita mlangoni kwangu, kaniuliza kwa sauti yake ya kawaida, kavu kama karatasi, kama nimekunywa dawa. Nikasema ndiyo, Mama. Nilikuwa nimejifunika shuka hadi usoni, nacheka. Kadhani natetemeka kwa homa.

Hajui kwamba mafumbo ni yangu. Yeye na mwanawe wanajua tu nafanya kazi “pale redioni, mambo ya karatasi”. Na mara mbili nimemsikia akimwambia mwanawe kwamba yule kijana Asali ana akili sana, sijui kasomea wapi.

Sitamwambia mtu. Hili ni langu!

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimetega mtego, umeninasa mwenyewe.

Jana niliunguza kikaango. Nikakificha chini ya sinki, nyuma ya ndoo. Mama mkwe alikiona, nikaona kwamba kakiona, na hakuna aliyesema kitu. Basi nikataka kumchokoza tu. Sufuria, birika, kikaango, mwiko. Jibu ni mwiko, hauwekwi motoni.

Bi Lakini akapatikana simu ya pili. Kwanza kavuta pumzi, kama mtu anayevua viatu.

“Sawa, mwiko. Lakini kikaango ndicho hakimo. Hivyo vingine vyote mkamwana wangu anajua kuvisugua.”

Asali kalala juu ya meza. Fundi mitambo kalazimika kuweka muziki. Meneja katoka tena! Nami nimekaa nyuma ya kioo, masikio yanawaka, natabasamu pamoja na wenzangu. Mapokezi wananiuliza, yaani huyo mkamwana anajisikiaje huko aliko? Nikasema, sijui, maskini.

Nimerudi nyumbani, kikaango kiko mezani. Kinang'aa. Kakisugua yeye.

Ningeliacha liishe hapo. Mtu mwenye busara angeliacha.

Jumanne, 11 Machi

Sikuliacha.

Meno ya mbele ya mama mkwe ni ya bandia. Hata mwanawe hajui. Niliyaona siku moja bafuni ndani ya glasi, nikarudisha mlango taratibu, naye alisikia mlango. Hatujawahi kulitaja.

Fumbo la leo: miwani, meno, wigi, ulimi. Toa mmoja. Jibu: ulimi, kwani hivyo vingine watu huvivua wakienda kulala, ulimi haulali. Nilipolitunga nilicheka peke yangu kwenye ubao wa pasi. Nilidhani atacheka pia. Nilidhani atapiga aseme sawa, lakini, kisha anichape.

Asali akauliza meno yanavuliwaje, nikamweleza. Hapo ndipo alipopata cha kufanya. Akaanza kuigiza bibi asiye na meno anayeomba mahindi. Akaigiza muda mrefu. Simu zikamiminika, vicheko vitupu.

Bi Lakini hakupiga.

Na mimi ndipo akili ikanirudia, nikiwa nimekaa palepale. Duniani kuna mtu mmoja tu aliyeiona ile glasi. Kwa fumbo hilo nimemwambia mama mkwe mimi ni nani.

Chakula cha jioni hakula. Kasema tumbo limejaa gesi. Alizungumza na kiganja mdomoni.

Jumatano, 12 Machi

Hakupiga. Wasikilizaji wanamuulizia. Mmoja kasema labda anaumwa, tumwombee.

Mume wangu kasema Mama kakubali kwenda kwa wifi. Kakubali mwenyewe, jana, bila kubembelezwa. Wifi anakuja Jumamosi.

Nimepata nilichotaka. Nimekwenda barazani nikaifuta meza vumbi. Kisha nikaacha katikati, nusu safi, nusu chafu.

Alhamisi, 13 Machi

Asubuhi Asali kaja hana sauti. Kabisa! Mdomo unacheza, hakitoki kitu. (Juzi alimwigiza sana yule bibi asiye na meno.) Meneja kanitazama, kasema wewe ndiye unayatunga, basi soma. Nikasema mimi si mtangazaji. Kasema leo ndiye.

Nikavaa visikilizio vinavyonukia marashi ya Asali. Taa nyekundu ikawaka. Fumbo lililoandaliwa lilikuwa la sayari. Nikaliweka kando.

Nikasema: “Samahani, radhi, pole, lakini. Toa mmoja.”

Mtu akapiga akasema lakini, hilo halimo, hayo mengine ni ya kuomba msamaha. Nikamwambia ndiyo, umepata. Akaja mwingine, nikamwambia umepata. Wa tatu pia. Sauti yangu ilikuwa inapwaya kama kiatu cha kuazima. Fundi mitambo akainua vidole: laini ya nne.

Sauti ya puani. Ila leo haikuwa ya puani sana.

“Hapo ninyi wa redioni mmekosea,” akasema. “Pole ndiyo haimo. Pole unampa hata mtu ambaye hukumkosea. Samahani na radhi anaziomba mwenye kosa.”

Redioni hairuhusiwi kunyamaza. Meneja nyuma ya kioo akawa anazungusha mikono.

Nikasema, “Basi nazitoa hizo mbili.”

“Zimefika.”

“Na Lakini je? Wasikilizaji wamemkosa siku mbili.”

“Lakini alikuwa na shughuli,” akasema. “Anapanga nguo.”

Simu ikakatika. Nikataka kuweka muziki, nikaweka mkanda usio wenyewe, wa matangazo ya dawa ya mende. Hakuna aliyelalamika.

Jioni hakugusia chochote. Wala mimi. Nilipokuwa naosha vyombo kasema tu, bila kugeuka, kwamba kuna maji ya tangawizi kwenye chupa, ni kwa ajili ya koo, mtu asiyezoea kuzungumza sana humkauka.

Nilikunywa chupa nzima.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepita mlangoni kwake. Begi liko wazi juu ya kitanda. Anakunja gauni, analikunjua, analikunja tena.

Nilikuwa na sentensi tayari. Niliitunga tangu kazini, fupi, nzuri. Mama, usiende. Nikafungua mdomo, ikatoka: “Mama, hilo begi si dogo? Nikuletee kubwa?”

Kanitazama. Kasema asante, linatosha.

Mdomo gani huu nilio nao. Nimemwambia mume wangu aende yeye akaseme. Kasema mambo ya wanawake hayo. Nikamuuliza, mama yako ni mambo ya wanawake? Akaenda kukagua jokofu letu, ambalo halina kasoro.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nimesimama, daftari juu ya jokofu. Haraka.

Wifi kafika mapema, miwani ya jua kichwani, funguo mkononi, hakutaka hata kukaa. Kasema foleni itakuwa mbaya. Kamsifia Mama alivyopendeza. Kasema pacha hawajalala kwa furaha, na tena kesho yeye ana safari ya kikazi, kwa hiyo imekaa vizuri kabisa. Mume wangu akabeba begi hadi mlangoni, akalishusha, akabaki amelishika mkanda.

Mama mkwe hakunyanyuka kwenye kiti. Kavaa viatu vya kutokea, mkoba mapajani palipokaa redio siku zote.

“Kabla hatujatoka,” akasema. “Taulo, sabuni, mswaki, mimi. Toa mmoja.”

Wifi akacheka. Akasema Mama naye, siku hizi una vituko. Mama akangoja. Wifi akaona si mzaha, akajibu: mswaki, maana kule kwangu nimeshakununulia mpya. Mama akasema, “Sawa. Lakini.” Kisha akamgeukia mwanawe. Mume wangu kafikiri kweli, namjua, kakunja uso kama anatafuta gesi inakovuja. Akasema sabuni. Ndiyo inayoisha.

“Sawa,” akasema Mama. “Lakini.”

Halafu akanitazama mimi. “Mtunzi mwenyewe hajasema.”

Wifi akauliza, mtunzi gani? Mume wangu akauliza hivyo hivyo. Wote wawili wakanigeukia. Nikasema chai inafurika, nikakimbilia huku jikoni.

Hakuna chai jikoni. Jiko halijawashwa hata.

Jibu ninalo, nani asiye nalo. Vitatu vinaingia begini, mmoja haingii, huyo abaki. Nikilisema, wifi hatanisamehe mpaka hao pacha waoe. Nikilisema, meza yangu itabaki barazani, nami nitapiga pasi na kutunga mahali pamoja, na kila sufuria nitakayoiunguza mji mzima utapata habari. Na kuna jibu jingine pia, kama ni la kukwepa: taulo, kwa sababu ni la kwetu, arudishe. Nalo ni sahihi. Mafumbo mazuri yote yana njia mbili, hilo kanifundisha yeye.

Nasikia wifi anatikisa funguo. Mume wangu anakohoa kikohozi cha bure. Na sasa, kutoka sebuleni, ile sauti nzito ya puani, mbele ya watoto wake wote wawili, bila haya:

“Msikilizaji wetu wa jikoni, tunakusubiri. Uko hewani.”

Wifi anauliza, hewani wapi?