Sakafu ya Hema na Mkeka wa Mama Mkwe

Jumatatu jioni. Ukungu umekalia migomba tangu mchana, na kahawa iliyo kwenye vichanja haijaonja jua hata kidogo. Hali ya hewa inanifaa. Leo sitaki kuonekana.

Nimerudi peke yangu kutoka Lipingo. Mama Anjela, mke wangu, amebaki kwa mama yake kujaribu kutengeneza nilichoharibu. Nilichoharibu nitakisema, maana shajara inayoficha aibu ya mwenyewe ni tangazo la biashara. Ila mniruhusu nianzie sokoni. Mwenye hatia huanzia mbali.

Mama mkwe wangu haoni vizuri. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ijumaa hii madaktari wa macho wanakuja hospitali hapa mjini Mbinga, na tumekuwa tukimsihi apande aje atibiwe. Jibu lake likawa lile lile: nitalalaje kwa mkwe wangu? Kwetu mtu hawezi kulala chini ya paa moja na mama mkwe wake, wala kugusa malazi yake, na wakikutana njiani kila mmoja hutafuta kitu cha kutazama pembeni. Hakuna ugomvi hapo, ndiyo heshima yenyewe. Nikamtengenezea chumba cha nje, chenye mlango wake na choo chake. Bado akasita. Basi mke wangu akasema twende wote tukamwamkie, aone mwenyewe kwamba mkwe wake ni mtu wa adabu.

Adabu. Ndiyo niliyopanda nayo basi.

Siku zote nikienda ukweni hulala kwa jirani, mzee mmoja anayekoroma kama mashine ya kukoboa kahawa. Safari hii nikasema hapana, nitanunua hema. Hapo ndipo kichwa kilipoharibika. Mwanaume wa umri wangu akishapata kitu cha kuchagua, familia imekwisha.

Muuzaji wa mtumba pale sokoni alikuwa nayo mawili. La kwanza halikuwa na sakafu, ni kitambaa tu na fito. La pili sakafu yake imeshonewa humo humo, ikapanda kidogo ukutani kama beseni, na madirisha yake yana chandarua. Lilikuwa limeandikwa la watu wanne. Nadhani waliowapima watu hao waliwakausha kwanza kama usipa, wale dagaa wetu wa ziwani. Kwa tumbo langu hili, ni la mtu mmoja na begi. Nikaichukua sakafu katikati ya vidole, nikaibinya, nikatikisa kichwa kama fundi. Sikuwa najua ninachobinya.

"Mzee," muuzaji akaniambia, "hema haliuawi na mvua. Linauawa na sakafu yake." Chini yake utandike kitu cha kuzuia mawe na miiba, akasema, na kiwe kidogo kuliko hema, kisichomoze pembeni, la sivyo kitakinga maji ya mvua na kuyaingiza chini yako. Na ndani utandike kingine, maana mchanga wa miguuni unaitafuna sakafu kama msasa.

Nililishika somo lile kama katekisimu. Nikanunua hilo la pili pamoja na nailoni nene, nikaikata kwa kipimo. Nikalisimamisha hema uani kwa majaribio, na jirani akaja mbio amejitanda kitenge, kuuliza msiba ni wa nani. Cha kutandika ndani nilikitenga pia, kipande safi cha turubai. Asubuhi ya safari kukawa na manyunyu, mke wangu akakifunikia kahawa. Sikukidai. Nikasema Lipingo sitakosa kitu.

Na kweli, sikukosa.

Tulifika Jumamosi jua likiwa bado lina nguvu. Nikamwamkia mama kutoka mbali, nimeinamisha macho, "Shikamoo mama," naye akaitika, "Marahaba baba, mmefika?" huku akigeuzia uso upande ambao si wangu. Ilikwenda vizuri sana. Kisha nikafungua hema pembeni mwa uwanja, karibu na mihogo, na Osmundi, mdogo wake mke wangu, akaja kusimama na mikono kiunoni.

"Shemeji, umekuja kutusalimia au umekuja kututawala?"

Nikamwambia asogee, ananikanyagia kamba. Watoto wakajaa. Nikawaonyesha nailoni ilivyojificha chini bila kuchomoza. Nikawaeleza habari ya mvua, na huu ni mwezi wa saba, kule chini ziwani mvua haipo hata kwa dawa. Nilifurahi, jamani. Nilifurahi kupita kiasi.

Jua lilipoanza kushuka, mama na mke wangu wakiwa ndani na Osmundi ameshaenda kwake, nikaingia hemani. Kila nilipogeuka nikasikia mchanga unakwaruza, kwaru, kwaru. Sakafu yangu! Nikatoka kutafuta cha kutandika. Nyuma ya jiko, juu ya kamba, kulikuwa na mkeka umeanikwa. Mkeka mzuri, wa ukindu uliosukwa kwa mikono yenye subira, na ukingoni umezungushiwa kitenge chekundu.

Hapa ndipo ninapotaka kusema kwamba sikujua. Watu wote wa Mbinga niliokutana nao leo nimewaambia hivyo, kwamba nilidhani ni wa wageni.

Nilijua ni wa mtu. Hakuna anayeuzungushia kitenge mkeka wa wageni. Ningeweza kupiga hatua chache hadi mlangoni nikamwita mke wangu, lakini wakati ule nilikuwa naifikiria sakafu. Nikajiambia lazima ni wa Osmundi, na Osmundi ni shemeji yangu, tunataniana, nitamwambia kesho. Nikautandika. Ukaenea kama ulipimwa. Nikalala usingizi ambao sijaupata miaka mingi.

Asubuhi nikasikia mama anapapasa kamba. Mikono yake ikaenda huku ikarudi huku. "Mkeka wangu umechukuliwa na nani?"

Mimi nikatoka hemani nimeukumbatia, nakung'uta mchanga, na mdomo ukatangulia akili. "Huu hapa, mama! Umenisaidia sana, nimelala kama mfalme!"

Osmundi alikuwa amekuja kunywa chai. Akaanza kucheka, akaona uso wa dada yake, akanyamaza katikati ya kicheko. Mama akavuta kitenge chake akajifunika kichwa. Akaelekea nyumbani kwake, akakosa mlango kidogo, mkono wake ukagusa ukuta kwanza. Mke wangu akamwahi.

Baadaye, kwenye mihogo, mke wangu aliniambia yaliyobaki. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Alishakubali, Baba Anjela. Alikubali tangu wiki iliyopita, akataka akwambie leo baada ya misa. Ule mkeka aliuanika ili aje nao. Alisema, nikilala juu ya mkeka wangu, nitakuwa sijalala kwa mkwe."

Nikauliza kwa kijinga kama hauwezi kufuliwa.

Malazi aliyolalia mkwe, mama mkwe hayalalii tena. Nayajua haya tangu niko kijana, nimewafundisha watoto wangu. Mkeka ule aliusuka mwenyewe zamani, macho yalipokuwa yanaona. Mwingine hawezi kuusuka mpaka atibiwe, na kutibiwa hawezi mpaka apate pa kulala. Na katikati ya hapo nimekaa mimi, na hema langu lisilo na hata mkwaruzo.

Nilimtuma Osmundi apeleke kuku wa kuombea msamaha, maana mimi mwenyewe siruhusiwi kumsogelea na jambo kama hilo. Osmundi akaondoka bila utani hata mmoja, jambo lililoniumiza kuliko kama angenitukana. Akarudi. Mama amesema kuku afungwe pale mlangoni pa jiko. Hakuchinjwa wala hakurudishwa. Nikamuuliza maana yake ni nini.

"Shemeji," akasema, "maana yake ni kwamba kuku yupo mlangoni."

Akaniletea na mkeka, umekunjwa na kufungwa kamba. Mama amesema ni wangu sasa.

Njia nzima ya kupanda milima nimeushika magotini. Jirani yangu kwenye basi akausifia, akauliza nani amesuka. Nikamwambia ni mama yangu. Yeye mwenyewe asingeniruhusu kumwita hivyo leo.

Tangu nifike nimefagia chumba cha nje, kisha nikakifagia tena. Nimejaribu kufikiri mtu anaombaje radhi kwa mtu ambaye heshima yenyewe inamkataza kumtazama usoni. Sijui. Vijana wataniambia nipige simu. Naona hata sauti yangu, baada ya ile "kama mfalme", ingepaswa kunyamaza kwa muda.

Sasa hivi, nikiwa naandika, simu imelia. Ni ujumbe wa mke wangu, maneno machache tu: "Mama anauliza, Mbinga ni baridi sana?"

Nimeusoma nikasimama. Nimeandika habari ya blanketi mbili mpya, nikafuta. Nimeandika habari ya jiko la mkaa nitakalowasha kila asubuhi, nikafuta. Nimeandika nisamehe mama, nikafuta, maana hakuuliza hilo.

Nimejibu: "Ndiyo, ni baridi."

Nimeweka simu chini. Ijumaa bado haijafika.