Madumu Mawili ya Njano

Mektrida, kitendawili. Kimekunywa kikashiba, kazi hakitaki.

Mashine ya kukata majani, mwenzangu. Kesho padre anakuja kusoma misa kwenye kaburi la marehemu mume wangu hapa kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani, ukoo wote unakuja, na majani yamefika kiunoni. Nimevuta kamba mpaka bega linauma. Kimya.

Nikamwita fundi Shakiru kutoka Himo. Akafungua kabureta, akamimina kilichomo kwenye glasi, akanusa.

"Bibi, haya ni maji."

Maji? Nimeweka petroli kwa mkono wangu mwenyewe, kutoka dumu dogo la njano.

"Bibi, haya ni maji."

Ndipo nikakumbuka kwamba madumu ya njano ninayo mawili. La pili ni la maji ya baraka ya Pasaka. Nikamwambia ukweli. Shakiru akakaa chini kabisa. "Kumbe mmeibatiza. Ikiwaka itaenda kanisani yenyewe."

Mimi sikucheka. Amekausha tenki, amepuliza kabureta, amefuta plagi, sasa anataka petroli. Nimeikuta kwenye meza niliyomwandalia padre, katikati ya mishumaa. Mafua haya yameniziba pua, sikusikia harufu yoyote.

Ngoja.

Jana ulipokuja kuomba maji ya baraka ya kunyunyizia nyumba, nilikujazia chupa kutoka dumu la mezani.

Mektrida, usinyunyize. Usiwashe mshumaa. Kama umeshanyunyiza, toka nje na wajukuu. Ninapiga simu sasa hivi, pokea.