Shangazi Ametoka Nyekundu

Jumatatu, 4 Agosti
Nimeanza kazi ya kupima umaskini. Nyumba kwa nyumba na tableti: ukuta wa nini, mnapikia nini, maji mnatoa wapi? Inajumlisha pointi yenyewe. Kijani – anajiweza. Nyekundu – fukara. Leo nyumba kumi na moja. Miguu inawaka moto.

Jumatano, 6 Agosti
Zamu ya Shangazi, aliyenilea huku bondeni. Ukuta wa udongo – sifuri. Kuni – sifuri. Maji ya chemchemi, mita ishirini toka mlangoni – sifuri! Mizinga yake ya nyuki, miti aliyoipanda, mihogo – hakuna swali. Nyekundu. Akataka kujua imesemaje, nikamwambia. Alicheka mpaka akafuta machozi.
“Kwa hiyo na wewe umelelewa na fukara?”
Nikabonyeza “tuma”.

Ijumaa, 8 Agosti
Fundi redio, jirani yake, ametoka kijani. Ana bati, ana sola. Kila kiangazi chakula na maji anafuata kwa Shangazi. Alijisikia vibaya kuliko mimi.

Jumanne, 12 Agosti
Msimamizi wetu wa kazi ana furaha. Bonde zima nyekundu, kwa hiyo litaokolewa: watu wahamie nyumba za matofali kule juu, chemchemi ifungiwe pampu, maji yaende mjini. Nikauliza kama wenyewe wameulizwa. Akanishangaa.
“Si uliwauliza wewe?”


Alhamisi, 14 Agosti
Alama za rangi kwenye milango. Pampu imefika, wanaijaribu. Inanguruma mchana kutwa. Shangazi anasema nyuki hawatulii. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Jumamosi, 16 Agosti
Naandika kwenye kiti cha Shangazi, uani. Majirani zake wameshapanda lori la kuhamia juu. Yeye anapalilia mihogo kama vile hakuna mtu. Maji ya chemchemi yameshuka, mawe ya chini yanaonekana. Sijawahi kuyaona. Msimamizi kanituma nimshawishi, eti mimi ni damu yake. Nikamsomea swali: mkazi amekubali kuhama? Hakuinua kichwa.
“Jibu wewe. Nyumba hii unaijua.”
Nimebonyeza “hapana”. Tableti imeandika: jibu halikubaliki, jaza upya. Nimebonyeza tena. Jaza upya. Msimamizi ameshuka garini, anakuja na wanaume wawili. Shangazi bado anapalilia. Nabonyeza tena –