Upande wa Makuti

Ukunda, Ijumaa baada ya swala

Mke wangu Mama Rukia,

Assalaam aleikum. Naomba Mungu maneno haya yakukute mzima, Rukia mzima, na mamangu mkwe miguu imempoa kidogo. Mimi huku afya ninayo. Nisichonacho unakijua.

Utauliza kwa nini naandika na simu ninayo. Mwanasha, kwa simu kila nikianza kusema, mamako yuko kando, Rukia ameinyakua, na salio linakwisha tukiwa bado twaulizana habari za kuku. Haya nataka uyasome peke yako, umekaa.

Ni habari ya chumba. Kile nilichokipata ili mje tuishi pamoja, chenye uani mpana na jiko la nje, nusura kitupotee. Mzee mwenye nyumba alipofariki, Mungu amrehemu, nyumba ilishikwa na mwanawe Athumani. Si mtu mbaya. Alikuja na fundi, akatazama juu, akasema makuti yamechakaa: ataezua yote atie mabati, chini atie vigae, kisha kodi ipande nusu tena juu ya ile tunayolipa. Kwa mshahara wangu wa ulinzi, kodi hiyo ningeiweza nikiwa peke yangu. Nikiwaleta nyinyi, tungekula vigae.

Sasa sikia upumbavu wetu. Siku aliyokuja kutuambia, Bi Mwanakombo, mama mzee wa chumba cha mbele anayeuza mahamri, alimtandikia mkeka, akamtilia chai. Wapangaji wote tukakaa naye. Akasema yake yote huku anakula, na sisi kimya, maana wajua kwetu mgeni hapingwi na tonge mkononi. Alipomaliza tukamsindikiza mpaka barabarani, tukamtakia safari njema. Yeye akaenda zake akijua tumekubali. Haukupita muda mafundi wakaja, wakaezua upande wote wa mbele na kutia mabati.

Mama Mutua, jirani yangu Mkamba aliyehamia kutoka Shimba Hills, siku ile alitaka kusema, nasi tukamkanyaga mguu anyamaze. Mabati yalipopanda alitucheka mpaka akakaa chini.

"Nyinyi watu wa Pwani," akasema, "heshima yenu itawatoa kwa nyumba. Si mngemwambia tu hapana?"

Tulimpigia Athumani simu, naye akashangaa kweli: mbona tulikula naye vizuri? Akasema wakimaliza mbele wanakuja nyuma, kwangu.

Siku hizo nilikuwa na huzuni, sikufichi. Mimi ni mtu wa zamu ya usiku, usingizi wangu ni wa mchana. Chini ya mabati ya Ukunda si ningeiva? Na Rukia na vipele vyake vya joto? Nilikuwa nikirudi asubuhi kutoka Diani, najilaza, nayatazama makuti yaliyotoboka, naiona mikono yako ikishona makuti kule Vanga, mguu mmoja umeukunja, ufito juu ya paja. Nimekutamani mpaka nikaona haya, mtu mzima mimi.

Dawa ilitoka kwa Bi Mwanakombo, ambaye mchana chumba chake kilikuwa hakikaliki tena kwa joto la mabati. Akasema tulimnyamazia Athumani akila, basi tumlishe tena na tunyamaze tena. Tukamwalika Athumani Ijumaa iliyopita baada ya swala, mkeka ukatandikwa chumbani mwa Bi Mwanakombo, chini ya mabati yake mwenyewe. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, pilipili ya kutosha, na kahawa ya moto juu yake. Hakuna aliyetaja nyumba. Athumani akavua kofia. Akakunja mikono ya kanzu. Mama Mutua aliuma leso yake asicheke. Mwishowe bwana akainua sahani yake mwenyewe, akauliza kama hakuna mahali penye hewa.

Tukamhamishia kwangu. Alimalizia chakula chini ya makuti, upepo wa uani unaingia, na akatazama juu kwa muda mrefu. Nikangoja mpaka aliponawa.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "sasa umeshanawa, naweza kusema. Upande huu tuachie. Makuti tutabadilisha wenyewe, na kodi ibaki ile ya marehemu babako."

Akamtazama Bi Mwanakombo, akacheka, akasema kumbe ameletwa kuokwa. Amekubali. Bi Mwanakombo atahamia chumba kitupu cha huku nyuma, na kule mbele watakuja wapendao vigae. Sharti lake ni makuti mapya yawe juu kabla ya masika. La sivyo, mabati.

Basi nakuagiza makuti, Mwanasha. Shona ya chumba kimoja, yale yako ya kukaza. Wala usiyapakie kwenye lori yaje peke yake. Barabara hiyo waijua. Njoo nayo wewe, na Rukia, usimame uani uyaangalie yakipandishwa, maana fundi wa huku asiposimamiwa hupanga kuti mbali na kuti.

Mpe mamangu mkwe shikamoo yangu, na umwambie sijakuiba, nakuchukua kwa heshima kama nilivyokuposa. Shemeji Bakari umwambie atafute mtu mwingine wa kumpikia. Rukia umwambie babake amemtengea mahali pa kulala, karibu na dirisha.

Nimekaribia kufunga bahasha, na moyo wanisuta. Makuti hapa Ukunda yanauzwa. Kuna mama huyapanga kando ya njia, karibu kabisa na mlango wetu, na ni mazuri. Mimi hupita hapo kila siku, na hata bei sijamuuliza.

Mumeo anayekungoja,
Baba Rukia